Matanga ya Mpishi

Mtu wa kwanza kufa katika sebule yetu ya Chaani alikuwa shujaa aliyevaa deraya ya chuma kutoka utosini hadi unyayoni, na alikufa maji. Hakuwahi kumwona adui hata mmoja. Mwenyewe, yaani mpangaji wetu aliyemtunga shujaa huyo na kumsemea, aliweka kikombe cha chai sakafuni, akatutazama kama mtu aliyechomolewa kitu mfukoni, akauliza, "Sasa mimi nimekufa?"

"Umekufa," kaka yangu akamjibu. "Pole."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumsaidia mama jikoni na kuwaudhi wakubwa. Kaka yangu alikuwa karani bandarini. Huko alifanya urafiki na baharia mmoja ambaye meli yake ilikaa sana ikingoja zamu ya kupakua. Siku ya kung'oa nanga, baharia yule alimwachia kaka sanduku la karatasi ngumu lililochakaa pembe. Ndani mlikuwa na kitabu cha Kiingereza na dadu ambazo hatukuwahi kuona mfano wake. Moja ilikuwa na pande nne, imechongoka kama sambusa. Nyingine ilikuwa na pande nyingi hata ukiitupa inabingirika kama gololi, inakwenda mpaka chini ya kochi.

Kaka alikisoma kitabu kile kwa kamusi, kisha akatuita mimi na mpangaji, akatueleza. Mchezo wenyewe hauna ubao wala mshindi. Mmoja anakuwa msimulizi. Yeye ndiye anayewaambia wenzake wamefika wapi na mbele yao kuna nini. Wengine, kila mmoja anajitungia mtu wake, awe shujaa, au mchawi, au mwizi, anamwandikia nguvu zake kwenye kikaratasi, kisha anasema mtu huyo anafanya nini. Jambo likiwa na shaka, dadu ndiyo inayoamua. Na mtu wako akifa, kikaratasi kinachanwa. Hakuna kurudi nyuma.

Mpangaji alikuwa fundi wa mitambo, mtu wa bara, kifua kipana, na sauti yake ilikuwa kubwa kwa kuzoea kuongea katikati ya mashine. Alipanga chumba chetu cha nje. Jumapili ile ya kwanza alifurahi kama mtoto, akamvisha shujaa wake kila kitu cha chuma kilichotajwa kitabuni. Kisha kaka akasema, "Mbele yenu kuna mto."

"Navuka," akasema mpangaji.

"Wavuka vipi?"

"Na miguu. Mimi si ni shujaa?"

"Na deraya hiyo yote?"

"Siwezi kuvua. Adui anaweza kutokea."

Kaka akamwambia arushe dadu. Akarusha. Wahenga walisema mfa maji haishi kutapatapa, na shujaa yule alitapatapa kweli, maana mpangaji alirusha dadu tena na tena, kila mara akilalama kwa sauti, mpaka maji yakamfunika. Kilichotuchekesha zaidi mimi na kaka ni kwamba mpangaji mwenyewe alikuwa mwoga wa maji kuliko paka. Akienda Likoni, akiwa ndani ya feri husimama katikati kabisa, akakumbatia nguzo na kufumba macho hadi ng'ambo.

Jumapili iliyofuata alikuja na kikaratasi kipya. Shujaa yuleyule, upanga uleule, ila deraya hakuna. "Huyu ni ndugu ya marehemu," akasema. "Tumbo moja." Tangu siku hiyo, pakitajwa maji yoyote, yawe ya mto, ya kisima, au ya bakuli la mchuzi, ndugu ya marehemu aliuliza kwanza, "Hiyo maji iko na kina gani?"

Kifo cha pili kilikuwa changu. Mtu wangu alikuwa mwizi wa kike, mwepesi, mwenye vidole vya kufungua kufuli yoyote. Tuliingia pangoni, tukakuta sanduku la mbao. Kaka akasema ndani ya sanduku yasikika sauti, kama mtu anayesema "sss". Mpangaji akanisihi tuondoke. Mimi nikasema, "Nafungua." Akatoka nyoka, akamuuma mwizi wangu kidoleni, kwenye kidole kilekile nilichokuwa nikijisifia, na dadu ikaanguka vibaya.

Nilinuna. Ni ajabu jinsi moyo unavyoweza kumpenda mtu wa kikaratasi. Kwa siku kadhaa sikumpa kaka chai mkononi, niliiweka mezani nikaondoka. Mama akaliona hilo. Alikuwa hachelewi kuona.

"We mwana, una nini?"

"Sina kitu, mama."

"Una kitu. Sema."

Nikamwambia nimeumwa na nyoka nikafa, na kaka ndiye aliyemweka huyo nyoka, na dadu nayo ikakataa kuniokoa.

Mama aliacha kuchambua mchele. "Dadu?" akasema. "Ndani ya nyumba yangu mwachezwa dadu?"

Kumbe muda wote alidhani tunasomeana hadithi. Kwa mama, dadu ilikuwa kamari, na kamari ilikuwa haramu, na haramu haikuwahi kuvuka kizingiti chake tangu aolewe, wala baada ya baba kufariki. Kaka akamwapia, "Wallahi mama, hapana hata senti moja." Mama akasema atajionea mwenyewe. Jumapili ile, baada ya sala ya adhuhuri, aliingia sebuleni na mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia katikati yetu, akaanza kukuna huku macho yakiwa kwetu kama ya askari wa forodha.

Tulicheza kwa hofu. Mimi nilikuwa na mtu mpya, mganga mdogo asiyejua dawa nyingi. Kaka akatueleza tumefika kwa mfalme. Mpangaji akasema, "Naambia mfalme atupatie farasi."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. "Hivyo tu?" mama akauliza. "Mwaingia kwa mfalme wa watu, hapana hodi, hapana salamu, mwataka farasi?"

"Mama, ni mchezo," kaka akasema.

"Mchezo ndio usio na adabu? Mwambieni shikamoo kwanza. Mwulizeni za nyumbani. Mfalme naye ana nyumbani."

Tukaenda tukamwamkia mfalme. Akafurahi, akatupa farasi na ngamia juu yake. Mama akaendelea kukuna nazi, lakini tayari alikuwa amenasa. Kila hatua akawa na la kusema, mpaka kaka akachoka. "Mama, mchezoni haongei ila aliye na mtu wake. Kama wataka kusema, tunga mtu."

"Haya. Wangu ni mpishi."

Kaka akafungua kitabu. "Mpishi hayumo. Pana mpiganaji, pana mchawi, pana mwizi, pana..."

"Na hao wapiganaji hula nini?"

Kaka akatazama kitabu, akatutazama sisi, akakifunga. Hivyo ndivyo alivyozaliwa mpishi wa mama, bibi wa makamo mwenye sufuria mgongoni, mwiko mkononi na kibindo cha viungo. Upanga alipewa akaukataa. Akasema utamzuia kuinama.

Sitasahau miezi ile. Mpishi yule alitupeleka mahali ambapo upanga wa mpangaji usingetufikisha. Tulivamiwa na majambazi porini, mpangaji akaruka kushika upanga, mama akauliza, "Wametoka mbali? Waonekana wamechoka?" Kisha akabandika sufuria. Majambazi wakala, wawili kati yao wakatufuata wakawa wapagazi wetu. Tulikwama mbele ya mlango wa ngome, mimi nikahangaika na kufuli bila vidole vya yule mwizi wangu, mama akaenda kuzungumza na mpishi wa ndani kupitia dirisha la jikoni, wakabadilishana namna ya kutia bizari, na mlango ukafunguliwa. Kaka mwanzoni alikasirika, maana mitego yake yote ilipita bure. Baadaye nilimwona akiandaa hadithi huku anatabasamu peke yake, akiwaza mama atafanya nini.

Mpangaji naye alimwita mama "Mama" kama sisi, mchezoni na nje ya mchezo. Mama alikuwa akimsahihisha Kiswahili papo kwa papo. Akisema "hii mto," mama husema, "Mto huu, mwanangu," na mchezo unaendelea.

Ndipo tukafika kwa zimwi.

Kaka alikuwa amelitayarisha siku nyingi. Zimwi hilo lilikuwa limeteka watu wa kijiji kizima, wake kwa waume na watoto wao, likawafungia juu ya mlima. Tulifanikiwa kuwatoa. Lakini njia ya kushuka ilikuwa moja tu, daraja la kamba juu ya bonde refu, jembamba, watu hawana budi kuvuka mmojammoja. Na nyuma yetu, kaka akasema huku akipiga meza kwa kiganja, du, du, du, zimwi laja.

Mpangaji akasema atapigana. Kaka akatikisa kichwa. Zimwi hilo halipigiki kwa upanga. Mimi nikataja dawa zangu zote, hapana hata moja iliyofaa. Mama akajisogeza mbele. Kisha akauliza, "Hilo zimwi limekula?"

"Vipi, mama?"

"Leo. Limetia kitu tumboni?"

Kaka akafikiri. "Halijala tangu jana."

"Basi nakaa hapa mwanzo wa daraja," mama akasema, "naweka mafiga, nawasha moto. Nyinyi vusheni watoto."

Mama akapika pilau. Akaeleza anavyokaanga vitunguu hadi vigeuke rangi, anavyotia viungo, harufu inavyopanda mlimani. Kaka akamwambia arushe dadu, akarusha, ikaanguka vizuri, na zimwi likakaa kitako likala. Watoto wakavuka. Mama akapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Akarusha tena. Zimwi likala, likalamba vidole. Wanawake wakavuka. Akapika mahamri na mbaazi, na ungedhani tunayasikia mafuta yakichemka. Zimwi likala. Wanaume wakaanza kuvuka. Kibindo kikaisha.

"Zimwi lasema bado lina njaa," kaka akasema. "Lakutazama wewe."

"Mama, kimbia!" mpangaji akapaza sauti.

"Nikikimbia litanifuata darajani, na watu wako katikati." Mama aliweka mikono mapajani. "Naosha sufuria."

"Mama, laja!" mimi nikalia.

"Naosha sufuria. Siachi vyombo vichafu nikaenda zangu." Kisha akamgeukia mpangaji, akasema kwa upole, kama anayemtuma dukani, "Mtu wa mwisho akishafika, we mwanangu ukate kamba. Lisipate kuwafuata."

Mpangaji alikataa. Alisema hawezi. Mama akamwambia aweza. Kaka akampa mama dadu kubwa kwa mara ya mwisho, pengine ataponea chupuchupu. Mama akapiga bismillahi, akairusha. Ikabingirika, ikagonga mguu wa meza, ikatulia kwenye moja, namba mbaya kuliko zote.

Mtu wa mwisho alipofika ng'ambo, mpangaji akakata kamba.

Hapo mtu mzima yule, fundi wa mitambo, alishika kichwa kwa mikono miwili akalia kwa sauti yake yote ya kiwandani. "Mama amekufa! Mama yetu amekufa! Woi! Nimeua Mama!"

Madirisha yote yalikuwa wazi kwa sababu ya joto. Mama, baada ya kufa, alitazama saa, akasema alasiri imeingia, akaenda uani kutawadha. Sisi watatu tukabaki tunafuta machozi.

Jirani wa kwanza aliingia bila hodi, mjane mmoja mkali ambaye sisi vijana tulimwogopa kuliko polisi. Alikuwa na unga mikononi. Alimwona mpangaji amejiinamia, akaniona mimi macho mekundu, akamwona kaka. Hakumwona mama. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema, akajiegemeza ukutani. "Ni kweli?"

Kaka, ambaye kichwa chake kilikuwa bado mlimani, akajibu, "Ni kweli, bibi. Lakini amekufa kishujaa."

Ukemi uliotoka hapo ulifika hadi steji ya matatu. Nilijaribu kueleza, wallahi nilijaribu, lakini kila nikifungua kinywa mwanamke mwingine ananikumbatia na kunizibia uso kwa leso yake. Sebule ikajaa. Mmoja ameleta jamvi, mwingine mfuko wa sukari, wengine wamekuja na mchele na makaa. Nje wanaume walishaanza kushusha viti na kutafuta turubai. Mtu mmoja alikimbia dukani kwenye simu, akapiga mtaa wa Ziwa la Ng'ombe kumwarifu mjomba wangu kwamba dada yake hayupo tena.

Mama alipomaliza sala akaja sebuleni, leso kichwani, uso bado una majimaji. Akasimama mlangoni akautazama ule umati.

"Nani amekufa?" akauliza.

Kisha mwanamke mmoja akatoka kupitia dirishani. Mwingine akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti ya kutetemeka. Yule mjane alimsogelea mama polepole, akamfinya mkono, akamfinya tena kwa nguvu.

"Yallah! Waniumiza!" mama akasema.

"Huyu mzima," mjane akawatangazia wenzake. Ndipo hasira ikampanda. "Mzima! Nami nimeacha mkate wa sinia motoni waungua! Nani aliyesema amekufa?"

Wote tukamtazama mpangaji. Mpangaji akatazama sakafu.

Mama ndiye aliyetuokoa. Alimketisha mjane kwenye kochi, akaomba radhi, akasema, "Si mimi niliyekufa, ni mpishi wangu. Lakini mkisikia alivyokufa, na nyinyi mtalia." Akawasimulia. Alisimulia vizuri kuliko kaka, maana kaka alipata mchezo kitabuni, mama aliupata jikoni. Alipofika kwenye pilau, wanawake walikuwa wameshakaa kwenye jamvi. Alipofika kwenye mahamri, mmoja akauliza kama aliyatia iliki, akajibiwa kwamba ndiyo, akaridhika. Na aliposema, "Naosha sufuria," mjane yule mkali akajifunika uso kwa ncha ya buibui, mabega yakawa yanamtikisika.

"Siachi vyombo vichafu," akarudia taratibu. "Maskini. Mwanamke wa watu."

Sasa kukawa na swali la vitu vilivyoletwa. Mwenye sukari akainuka kuuchukua mfuko wake, mjane akamzuia. "Kitu kilichotoka nyumbani kwa ajili ya matanga hakirudi nyumbani. Ni mkosi."

"Lakini hapana maiti," mwenye sukari akasema.

Mama akakata shauri. "Kusoma Kurani, hatusomi. Yule hakuumbwa na Mungu, alitungwa na mimi, siwezi kumfanyia mzaha na dini. Lakini kula, tutakula."

Tukabandika sufuria kubwa uani, wanawake wakagawana kazi ya kukuna nazi na kumenya vitunguu, na kila mmoja alikuwa na neno la kusema kuhusu zimwi. Mpangaji aliadhibiwa kupepea moto. Watu walikuja kumpa pole, maana ndiye aliyekata kamba, naye alipokea kwa adabu zote, mkono kifuani.

Jua lilikuwa likishuka mjomba wangu alipofika. Alikuwa amelia kutoka Ziwa la Ng'ombe hadi Chaani, shati limelowa. Aliingia uani akamkuta dada yake amesimama juu ya sufuria, mwiko mkononi, anacheka mpaka meno yote nje. Alisimama pale hajui akimbie au amkumbatie. Alipoelezwa, akakaa kwenye kiti cha matanga, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Nitawakasirikia kesho. Leo nipakulieni."

Baada ya siku ile, nyumba yetu haikuwa na nafasi Jumapili. Mjane alikuja na mtu wake, jitu la kike lenye rungu, lisilosamehe mtu. Wanawake wengine walikaa tu kusikiliza huku wakisuka ukili au kuchambua mchele. Mama hakutunga mtu mwingine. Tulimwomba, akasema mtu hufa mara moja, nasi tusimharakishe. Alikaa na mbuzi yake ya nazi, akikuna na kusikiliza.

Halafu Jumapili moja kaka alitueleza tumefika mji ambao watu wake wamejifungia majumbani kwa hofu ya joka. Mjane akainua rungu. Mpangaji akauliza kama kuna maji. Mama akapangusa mikono, akasema, "Hapo mjini yupo msichana amesimama njiani. Binti wa marehemu."

"Mpishi alikuwa na mtoto?" mpangaji akashangaa. "Hakutuambia!"

"Hamkumwuliza."

Kaka alishachukua kalamu, anaandika kwenye kikaratasi kipya. "Naye ni mpishi kama mamake?"

"Huyu?" mama akasema. "Huyu hajui kuchemsha hata chai. Mpe upanga. Mkubwa kuliko wote uliomo humo kitabuni."